Fito za Fundi, Kitabu cha Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Kwa miaka thelathini na mmoja niliandika maandalio ya somo kila Jumapili, na tangu nistaafu mkono unaniwasha. Leo nimefungua daftari jipya. Somo la kuandaa sina, kwa hiyo nitaandika ya nyumbani. Atakayelisoma bila ruhusa ajue kwamba kalamu nyekundu bado ninayo.

Nyumba ni ya binti yangu, muuguzi, ambaye zamu za hospitali zimemfanya mgeni kwake mwenyewe. Ana mtoto mmoja, msichana wa miaka tisa. Tunamwita Chiriku, maana akifumbua macho tu na kinywa nacho kinafunguka. Uani, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, iko karakana ya mdogo wangu wa kiume, seremala. Kila mtu anamwita Fundi. Mimi pia, jina lake nalitumia nikikasirika tu. Nimehamia hapa juzijuzi, baada ya maisha mazima ya kupangiwa shule za mbali, kwa hiyo bado najifunza nani anakunywa chai bila sukari.

Mvua zimeanza leo alasiri. Bati linapiga kelele mpaka tunaongea kama watu wanaogombana.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimesahihisha tangazo la mlangoni kwa mwenye duka. Hakushukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa shuleni kwa Chiriku, mama yake akiwa zamu. Mwalimu Mkuu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha darasa la pili, akiwa na makamasi mpaka kidevuni. Leo ana tai. Alisimama nilipoingia, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akanipa habari mbaya.

"Mwalimu, mjukuu wako anarudia darasa la tatu mwaka huu. Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma. Akishindwa, itabidi arudie tena."

"Mara ya tatu darasa moja?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha, Mwalimu. Asiyesoma hapandi."

Kweli, ni maneno yangu. Nilikuwa nayaandika ubaoni siku ya kwanza ya kila mwaka. Nikamwambia aniachie mimi kazi hiyo. Nimewasomesha watoto wengi kuliko nywele alizobakiwa nazo. Akacheka, akajipapasa kichwa.

Njiani Chiriku hakuongea, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulipofika getini akasema, "Bibi, wakinirudisha tena, mimi shule basi. Siwezi kukaa na watoto wadogo kama wa chekechea."

"Hutarudishwa. Utasoma. Ni uvivu tu huo, na uvivu una dawa."

Nimeandika hapa ili nisije nikasahau: mpaka mwisho wa Mei.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeanza. Meza, kitabu cha hadithi, rula. Nasoma mimi, anafuatisha, kisha anasoma peke yake. Akisoma peke yake anabahatisha: anaona herufi ya kwanza, zinazobaki anazitunga.

"Tazama neno!"

"Nalitazama, Bibi. Herufi zinahama."

"Zina miguu?"

"Hazina. Ila zinahama."

Katika miaka thelathini na mmoja nimesikia visingizio vya kila rangi. Hiki ni kipya, nampa maksi ya ubunifu.

Jumatano, 12 Machi

Neno moja, ukurasa mmoja, amelisoma mara tatu kwa namna tatu. Nilianza kuhesabu hadi kumi ili nisipandishe hasira. Niliishia saba.

Jumapili, 16 Machi

Saa nzima mezani. Chiriku alikuwa amejikunja kwenye kiti, anajikuna mkono. Fundi alikuja kuchukua maji, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

"Dada, mwache apumue kidogo."

"Wewe na wavivu ni ndugu tangu zamani."

Alichukua kikombe chake akaenda uani, mvua ikimnyeshea, wala hakukimbia.

Huyu naye nilimfundisha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye minane, mezani kwa mama yetu, na rula ilikuwa ya mbao. Nilimchapa vidole, nikamwita mvivu mbele ya watu, na bado hakushika kitu. Akaacha shule darasa la nne akaenda kukaa kwa fundi seremala. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Yule nilimkunja, akakauka vilevile alivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Kurasa nne bila kosa! Nimemkumbatia. Dawa ya uvivu inafanya kazi.

Jumapili, 23 Machi

Siku kubwa. Niliwaalika mwenye duka na mkewe, na mama jirani wa upande wa pili, baada ya chai. Chiriku alisimama katikati ya sebule akasoma kitabu kizima. Si kusoma tu: sauti ya mzee aliifanya nzito, ya mtoto akaifanya nyembamba, penye mshangao akashangaa. Mwenye duka alipiga makofi mpaka chai ikamwagika. Nilijisikia kama nimepewa darasa langu tena. Nilimtazama Fundi kwa ule mtazamo wa "unaona?" Alikuwa anatabasamu, lakini akimtazama mtoto kwa huruma, na sikuelewa kwa nini.

Jumatatu, 24 Machi

Najuta kuwaalika watu.

Binti yangu alirudi kutoka zamu saa nne asubuhi, miguu imevimba, nikamkalisha sofani asikilize. Shule ilikuwa imefungwa leo kwa sababu maji yamejaa uwanjani. Chiriku akafungua kitabu, akaanza kwa madoido. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yake, anachungulia begani.

"Mwanangu, hapo unaposoma ni wapi?"

"Pale mzee anapovuka mto."

"Mbona picha ni ya ng'ombe zizini?"

Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Mtoto alikuwa amefungua ukurasa wa kumi na moja na anasoma wa tisa, bila kukosa hata mkato. Alikuwa amekishika kitabu kizima kichwani. Kwa sikio. Kwa sababu mimi, mtaalamu, nilikuwa namsomea kwa sauti kila siku kabla hajaanza yeye!

Nilipandwa na hasira. "Umenidanganya! Umenidhalilisha mbele ya watu!"

Alilia. "Ulisema nisome bila kukosea, Bibi. Sikukosea."

Binti yangu hakunipigia kelele. Angenipigia ingekuwa nafuu. Alimpakata mtoto mwenye miguu mirefu kama ngazi, akaniuliza polepole, "Mama, mtu anayeweza kumeza kitabu kizima kwa wiki mbili, huyo ni mvivu kweli?"

Nimekaa chumbani mchana kutwa. Swali hilo lingetoka kwa mkaguzi wa shule ningemjibu mara moja, lakini kwa mwanangu mwenyewe ulimi umekuwa mzito.

Alhamisi, 27 Machi

Binti yangu aliomba ruhusa kazini, tukaenda shuleni pamoja. Kuna mwalimu kijana wa elimu maalumu anayezunguka shule kadhaa. Kwetu anakuja Alhamisi, kwa hiyo watoto wanamwita Mwalimu wa Alhamisi. Viatu vyangu vimemzidi umri. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumdharau.

Alikaa na Chiriku saa nzima: michezo ya sauti, michoro, mafumbo, kusoma, kuandika. Kisha akatuita.

"Ana disleksia," akasema. "Akili yake haina kasoro hata kidogo, kwa mafumbo na kumbukumbu amewapita wenzake. Macho yake ni mazima. Ni namna ubongo wake unavyounganisha sauti na herufi. Kwako na kwangu ni njia ya lami, kwake ni njia ya matope. Anafika, lakini kwa muda na kwa jasho."

"Inaponaje?" binti yangu akauliza, kiuguzi.

"Haiponi kama mafua, kwa sababu si ugonjwa. Ni tofauti ya kujifunza. Akifundishwa kwa njia yake atasoma. Polepole, lakini atasoma."

Mimi nikasema, "Zamani tulikuwa na jina fupi zaidi la jambo hili."

Hakukasirika. Alinipa kioo kidogo na ukurasa wa maandishi, akaniambia niusome kupitia kioo, kwa sauti, haraka. Mistari mitatu ilinichukua dakika nne. Jasho la kwapani lilinitoka, mimi, niliyekuwa nasoma risala mbele ya wakubwa! Kila nilipokwama alisema kwa upole, "Tazama neno, Mwalimu." Ningemrushia kile kioo.

"Mfano huu si sawasawa na wanachopitia," akasema akikichukua. "Nilitaka ujue tu ile hali ya kutumia nguvu zote na kuonekana hujitumi."

Tulipokuwa tunaaga akauliza, "Mara nyingi huwa inatembea katika ukoo. Kwenu kuna mwingine?"

"Kwetu hakuna," nikajibu.

Nilijibu haraka mno. Binti yangu alinitazama.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Masharti mapya: dakika kumi tu kwa mkupuo, silabi moja moja, kipande cha kadi chini ya mstari, na herufi azichore kwa kidole kwenye sinia yenye unga wa mbao. Unga anauleta Fundi, ameuchekecha mara mbili usiwe na vibanzi. Sebule yangu imekuwa karakana ya pili. Nimenung'unika, lakini nimefanya.

Ijumaa, 4 Aprili

Maneno sita. Sita tu! Lakini kayasoma, hakuyakisia. Nilimpima kwa kuyapanga ovyo. Kayasoma tena.

Jumatano, 9 Aprili

Kuni zimelowa. Tumekula mkate na chai asubuhi na jioni. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nataka kuandika hili kama lilivyotokea, nisijipendelee.

Fundi alikwenda kwa mteja asubuhi. Binti yangu alikuwa zamu, Chiriku kwa jirani. Nikasema nimfanyie mdogo wangu wema, nimfagilie karakana. Nikafagia, nikapanga misumari kwa ukubwa, nikapanga patasi. Ukutani kulikuwa na misumari mirefu imening'iniza fito, vijiti virefu vya mbao chakavu, zaidi ya ishirini, vimekatwakatwa alama na kuchorwachorwa penseli kama watoto wamevichezea. Vikavu kabisa. Na mimi jikoni nina maharage mabichi na kuni zilizolowa.

Fundi aliporudi saa nane maharage yalikuwa yameiva. Alisimama mlangoni pa karakana akatazama ukuta.

"Dada, daftari langu liko wapi?"

"Daftari gani? Nimefagia humu ndani kote, sijaona hata karatasi."

Akanyoosha kidole kwenye misumari mitupu.

Kila ufito ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Upande huu urefu, upande ule upana. Alama ya kina ni bawaba, alama mbili ni kitasa. Juu kabisa kachora mwenyewe: jino ni daktari wa meno, mkate ni mwoka mikate, kofia ni yule mzee asiyevua kofia. Milango, madirisha, vitanda vya wodi mpya. Ndiyo kazi yote ya msimu. Na mimi nimeipikia maharage.

"Kwa nini huandiki vipimo kwenye karatasi kama mafundi wenzako?" Kwa kuona aibu nilikuja juu, ndivyo nilivyo. Nikamwita kwa jina lake.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia saa. "Sijui kuandika, dada. Wala kusoma. Sikuwahi kujua."

Nilisimama na ufagio. Barua zote zile alizonitumia nilipokuwa mbali, kumbe zilikuwa na mwandiko wa marehemu mkewe. Na tangu nihamie hapa, kila karatasi inapoingia nyumbani, Fundi mikono yake ina gundi. "Nisomee hiyo, dada, nina gundi mikononi." Nilidhani ni mtu mwenye gundi nyingi tu. Miaka yote hiyo ya kuwapima watoto wa watu kwa kuwatazama usoni, na ndugu yangu wa tumbo moja sikumwona. Nyani haoni kundule.

"Si nilikufundisha?" nikasema.

"Ulinifundisha sana." Akaviangalia vidole vyake. "Vidole vilipona siku ileile. Ni lile neno, dada. Mvivu. Naamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu, miaka arobaini, na bado nikichelewa kidogo nalisikia kwa sauti yako."

Hapo ndipo pa kusema nisamehe. Nilijua ni hapo. Badala yake nilisema nikamtengenezee chai. Nikaichemsha kwa makaa yaleyale ya fito zake, akanywa, akasema asante. Sijawahi kuona haya namna hii.

Jumapili, 13 Aprili

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mengine yanachotwa.

Chiriku aliposikia habari za fito alikwenda karakana mbio. Kumbe alikuwa anacheza kule kila siku na anazijua. "Ya jino ilikuwa inanifika hapa," akajigusa sikio, "na alama tatu, moja iko karibu na chini." Fundi akachukua ufito mpya akakata. Wakaendelea hivyo. Amekumbuka tisa. Nilikaa juu ya gogo nikiwatazama, mtu wa miaka hamsini na minane na mtoto wa miaka tisa, wanasomana vizuri kuliko mimi nilivyowahi kusomwa na darasa lolote.

"Babu, na wewe herufi zako zinahama?" akamwuliza.

"Zangu hazihami. Zangu zinanuna. Nikizitazama zinanipa mgongo."

Wakacheka mpaka mtoto akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Nilicheka na mimi, kisha nikaingia ndani kupangusa miwani.

Jumanne, 15 Aprili

Zile ambazo Chiriku hakuzikumbuka tunazipima upya, nyumba kwa nyumba, Fundi na mimi chini ya mwavuli mmoja. Yeye anapima, mimi naandika, yeye anakata ufito vilevile. Wateja wakiuliza kulikoni anasema, "Mvua imeniharibia vipimo." Hajanitaja hata mara moja.

Ijumaa, 18 Aprili

Kwa mwoka mikate nimeandika upana mahali pa urefu. Fundi alipoweka ufito wake juu ya ubao akaniuliza kwa adabu kama mwoka mikate anaingia dukani kwa kulala chali. Kalamu nyekundu imekaa kimya.

Mbili kati ya zile tisa za Chiriku zilikuwa na makosa kidogo. Tumezirekebisha. Saba zilikuwa sawa kabisa.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda karakana kusema. Nimeishia kuuliza kama msumeno ni mkali. Ni mkali.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimsubiri Mwalimu wa Alhamisi getini. "Uliniuliza kama kwetu yupo mwingine," nikamwambia. "Yupo. Nilimchapa mimi mwenyewe."

Hakunihubiria. Alinishika mkono, akasema, "Basi tumsaidie huyu mdogo mapema." Anasema tumwombe Mwalimu Mkuu Chiriku asomewe maswali ya masomo mengine, na mtihani wa kusoma apewe muda mara mbili. Lakini uamuzi ni wa kikao, na Mwalimu Mkuu ni mtu wa sheria. Najua. Nilimfinyanga mwenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Mistari mitano, ya kitabu ambacho hajawahi kusomewa. Dakika kumi na mbili. Alipomaliza alisema, "Kichwa kinauma, lakini vizuri."

Jumatano, 7 Mei

Mvua imepungua. Chiriku amerudi kuongea mezani. Tumemwomba anyamaze, hajanyamaza, tumefurahi.

Alhamisi, 15 Mei

Kikao. Ofisi ya Mwalimu Mkuu, viti vya mbao, kabati lililoinama upande mmoja. Tulikuwa binti yangu, Mwalimu wa Alhamisi na mimi. Dakika tano baadaye mlango ukagongwa, akaingia Fundi, shati limepigwa pasi. Hatukumwita.

Mwalimu wa Alhamisi alieleza vizuri. Mwalimu Mkuu alisikiliza, akakuna shingo. "Naelewa. Lakini nikimsomea mmoja, kesho wazazi wote watataka watoto wao wasomewe. Na mtu asiyesoma, maishani ataendaje?"

Fundi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu Mkuu, dawati hilo unaloegemea ni la nani?"

"Si lako, Fundi? Madawati yote ya shule hii umetengeneza wewe."

"Basi mimi sijui kusoma. Hata jina langu nalichora, siliandiki." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa dawati. "Nimeficha tangu nina miaka minane. Mke wangu alijua, sasa na nyinyi mnajua. Nimeendaje maishani? Nimekwenda kwa kujificha. Kila mlango wa ofisi nimeuogopa, na milango naitengeneza mimi. Huyu mtoto msimfundishe kujificha. Basi, nilikuja kwa hilo."

Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa mjomba wake. Mwalimu Mkuu akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yale ya darasa la pili, anasubiri mwalimu amwambie jibu.

"Mwalimu. Asiyesoma hapandi. Ni maneno yako."

"Ni yangu," nikasema. "Na nilikosea. Unakumbuka benchi la nyuma?"

Alikumbuka. Kila darasa langu lilikuwa na benchi la nyuma. Nililiita kijiji cha wavivu, na darasa lilicheka kwa sababu mimi nilicheka. Watoto wanne, watano kila mwaka. Zidisha mwenyewe.

"Sijui wangapi kati yao walikuwa kama huyu," nikamwambia. "Siwezi tena kuwauliza. Wewe bado una benchi la nyuma, na bado unaweza. Msomee mtoto maswali. Akishindwa akiwa amesomewa, nitamrudisha darasa la tatu kwa mkono wangu na nitakaa naye."

Mwalimu Mkuu akafungua faili akaandika. Asomewe maswali. Muda mara mbili kwenye kusoma. Matokeo yataamua.

Nje nilimtafuta Fundi nimwambie neno. Alikuwa ameshakwenda karakana, ana vitanda vya wodi vya kumalizia.

Jumatatu, 19 Mei

Mtihani umeanza. Nimepika uji mara mbili kwa kusahau kwamba nimeshapika.

Jumatano, 21 Mei

Mtihani wa kusoma umefanyika. "Mwenye kusimamia aliniuliza kama nimechoka, nikamwambia bado nina dakika zangu," Chiriku amesema. Zaidi ya hapo haongei. Sisi watu wazima tumeuliza kwa zamu, hatukupata kitu.

Ijumaa, 30 Mei

Binti yangu alipokea bahasha mlangoni bado amevaa sare ya kazi. Mikono ya muuguzi inayochoma sindano watu wote wale ilishindwa kufungua gundi ya bahasha. Nikafungua mimi.

Sayansi, wa kwanza darasani. Hesabu, wa nne. Kusoma: mistari kumi na mmoja kati ya ishirini, sahihi yote, muda umekwisha. Chini yake, kwa mwandiko wa Mwalimu Mkuu ambao niliufundisha mwenyewe: *Anapanda darasa la nne. Utaratibu wa kusomewa maswali uendelee.*

Binti yangu alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, na mimi nikapiga vigelegele mpaka mwenye duka akaja kuuliza nani anaolewa. Chiriku peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Alichukua karatasi, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akaanza kuusoma mwenyewe. Tulinyamaza tumngojee. Ilichukua muda. Alipofika mwisho akashusha pumzi.

"Bibi, kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Si mvivu. Wewe ni mtu wa kazi kuliko mimi."

"Na Babu?"

"Na Babu pia."

"Umeshamwambia?"

Binti yangu alinyanyua uso kutoka sakafuni. Nikasema nitamwambia. Mtoto akatikisa kichwa, akasema, "Sasa hivi, Bibi," kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa yangu.

Nikavuka uani. Mashine zilikuwa zimezimwa. Fundi alikuwa peke yake anapiga msasa ubavu wa kitanda kwa mkono, taratibu. Nilimwambia matokeo kwanza. Alifumba macho, akasema, "Darasa la nne," kama mtu aliyeambiwa mvua imekwisha.

"Nimekuja na jingine," nikasema. "Hukuwa mvivu. Mimi ndiye sikujua kukufundisha, na kosa langu nikalibandika jina lako. Nisamehe."

Aliendelea kupiga msasa mara mbili, tatu. Kisha akaacha.

"Sikusikia vizuri, dada. Kuna kelele humu."

Hapakuwa na kelele yoyote. Nikasogea karibu, nikayasema yote tena.